Robo ya Kihenge

Kihenge cha chuma cha Hajati kilifika Laela kikiwa vipande vipande juu ya lori, na kabla hakijashushwa watu wa stendi walikuwa wameshaamua ni kitu gani. Kuna waliosema ni tangi la mafuta, kuna waliosema ni mnara wa simu. Hajati mwenyewe alisimama pembeni, mtandio wake juu ya koti zito kwa sababu ya baridi, akawasikiliza mpaka walipochoka.

"Ni ghala," akasema. "Ila hili limesimama."

Nilimfahamu tangu utotoni. Baba yangu alilima mahindi na ulezi kule Kasense, na kila msimu aliuza kwa mume wa Hajati, ambaye sasa ni marehemu. Baadaye nikasomea uhandisi, nikafanya kazi Dar es Salaam, halafu baba akaugua nikarudi nyumbani kumwuguza. Alipopata nafuu sikuondoka tena. Ni Hajati aliyetupangisha chumba juu ya duka lake la vifaa vya ujenzi pale Sumbawanga mjini, mimi na mwenzangu niliyesoma naye chuoni, tukafungua ofisi ndogo ya kusanifu majengo na miundo ya chuma.

Mwenzangu alikuwa mtu wa Kirando, mtoto wa wanaoanika dagaa. Alikuwa mwepesi wa kila kitu: wa kucheka, wa kuelewa, wa kumaliza. Mimi ni mzito. Nikipewa kazi naizunguka kwanza kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya wenyewe. Tulifaana. Yeye alifanya kazi ya kompyuta, mimi nikafanya misingi na hesabu za mkono, kisha kila mmoja akakagua ya mwenzake.

Hajati alitaka kihenge kiinuliwe juu ya nguzo nne za chuma, ili lori lipite chini yake. Alituonyesha kwa mikono juu ya kaunta ya duka. "Lori liingie huku, mlango wa kihenge ufunguliwe, mahindi yashuke, lori litokee kule. Sitaki kurudi nyuma, sitaki kugeuza. Madereva wangu wakigeuza wanavunja vitu."

Tukakubali. Ilionekana kazi ya kawaida.

Kwa asiyeijua kazi yetu, niseme kidogo jinsi inavyokwenda. Nguzo moja iliyonyooka unaweza kuipigia hesabu kwenye karatasi. Lakini kihenge kina ukuta wa duara, faneli chini, pete ya chuma, mabamba ya kuungia nguzo, na kila kimoja kinamsukuma mwenzake. Kwa hiyo unakichora chote kwenye kompyuta, na programu inakikata kuwa vipande vidogo vidogo vilivyoshikana kama macho ya wavu. Kila kipande ni chepesi kukokotoa. Programu inavikokotoa vyote kwa pamoja, mwisho inakupa picha ya rangi: bluu pale chuma kilipotulia, nyekundu pale kinapoumia. Picha ni nzuri sana. Hapo ndipo penye hatari, maana mtu akishaiona huacha kuuliza.

Jambo la kwanza kutusumbua lilikuwa kona moja. Pale bamba lilipokutana na nguzo palikuwa na pembe ya ndani, kali, na kwenye picha pembe hiyo iliwaka nyekundu. Mwenzangu akafanya kama tulivyofundishwa: akapunguza ukubwa wa vipande eneo lile ili apate jibu la uhakika zaidi. Mkazo, yaani nguvu inayokikaza chuma, ukapanda. Akapunguza tena, ukapanda tena. Akaongeza unene wa bamba, akakata vipande vidogo zaidi, mkazo ukapanda. Nilimkuta ameshika kichwa.

"Dada, hii kona inatuumbua," akaniambia. "Kila nikiichungulia vizuri inazidi kuwa mbaya. Tukiendelea hivi bamba litakuwa nene kuliko kitabu cha Biblia."

Nikavuta kiti. "Pembe uliyoichora, kwenye chuma chenyewe ipo?"

"Ipo vipi?"

"Kali namna hiyo. Kali kabisa, bila mviringo wowote."

Akatazama picha, kisha akacheka. Kwenye chuma halisi mchomeleaji anajaza kona ile, inakuwa na mviringo. Kwenye mchoro wetu ilikuwa pembe isiyo na mviringo hata kidogo, na kwa pembe kama hiyo hesabu haina mwisho: ukizidi kukata vipande vidogo, mkazo unazidi kupanda, hautafika mahali ukatulia. Si chuma kilichokuwa dhaifu, ni mchoro uliouliza swali lisilo na jibu. Akachora mviringo wa weldi, akakata vipande upya, mara mbili tatu, na safari hii namba ikatulia. Bamba la mwanzo lilitosha.

Nilifurahi siku ile, na yeye alifurahi zaidi. Lakini nilipokuja kulifikiria baadaye niliona kwamba kona ile ilikuwa imetumalizia woga wetu wote. Tulihangaika nayo karibu wiki nzima, na tulipoishinda tukajiona tumekishinda kihenge.

Hajati alipanda ngazi kuja kuona. "Shikamoo Hajati," tukamwamkia kwa pamoja, akaitikia huku akitafuta miwani. Mwenzangu akamwonyesha kihenge kikiwa kimejaa, na akakiwasha kicheze, yaani picha itikisike ionyeshe chuma kinavyobonyea. Nguzo zikatanuka kama miguu ya ndama aliyezaliwa sasa hivi.

Hajati akarudi hatua nyuma. "Astaghafirullah! Sasa hiki si kinaanguka?"

"Hapana, Hajati. Kompyuta imekuza ili tuone. Kwa kweli kinasogea kiasi cha unene wa karatasi."

"Basi mbona mnanionyesha uongo?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua.

Mwenzangu akaeleza, naye akaridhika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao nikitazama miguu ya picha ile. Chini, kila nguzo ilikuwa imegandishwa: haisogei, haizunguki, kana kwamba imepandwa ndani ya mwamba. Na pale Laela penyewe, nilipochimbisha mashimo ya msingi, nilikuta udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Nilikuwa nimetengeneza vitako vya zege vipana ili kihenge kisizame. Lakini kutozama si sawa na kutoinama.

Nikamwambia hilo tulipobaki wawili. Akajibu kwa upole, "Nimeshaangalia mpaka nguzo kujipinda, siyo mkazo tu. Hesabu inasema nguzo zinaweza kubeba zaidi ya mara sita ya mzigo. Hata mguu ukilegea kidogo, akiba ipo."

Mara sita ni akiba kubwa. Nilikagua hesabu zake: jumla ya uzito ililingana na jumla ya nguvu ambayo ardhi ilirudisha, vipimo vilikuwa sahihi, chuma kilikuwa kile kile tulichonunua. Sikuona kosa. Hata hivyo moyo haukukaa. Nikaomba jambo moja tu, kihenge kisijazwe kwa mara moja. Kijazwe kwa hatua, na tutundike timazi kwenye kila nguzo, tuone kama chuma kinakubaliana na kompyuta. Mwenzangu akasema sawa. Hajati hakupenda kucheleweshwa, lakini naye akakubali.

Siku ya kujaza ilikuwa asubuhi ya kiangazi, baridi kali na hakuna upepo, jambo ambalo ni nadra kwetu Ufipa mwezi kama ule. Mafundi walikuwa wameshamaliza kazi yao na kihenge kiling'aa. Wakulima walikuwa wameleta magunia kwa mikokoteni na baiskeli, na kina mama wauza chai wameshahamia pale. Nikatundika timazi nne, uzi mrefu kutoka juu ya kila nguzo na jiwe dogo la chuma likining'inia karibu na ardhi. Nikaweka alama kwa chaki chini ya kila jiwe. Kwa mujibu wa kompyuta, alama zile hazikuwa na haja ya kuwepo. Nguzo zingefupika kidogo tu, zisiende pembeni.

Mashine ya kupandisha mahindi ikaanza kunguruma. Kihenge kilipofika kama theluthi, nikaomba wasimame, nikapiga magoti kwenye alama ya kwanza.

Jiwe lilikuwa limehama. Upana wa kidole, kuelekea upande wa barabara.

Nikaenda la pili. Nalo limehama, upande ule ule. La tatu na la nne vivyo hivyo. Kama nguzo moja ingezama, mawe yangetofautiana. Haya yote yalikwenda pamoja, kama watu kwenye foleni waliosukumwa kwa nyuma. Kihenge kizima kilikuwa kinalalia barabarani, taratibu, kikiwa kimebeba theluthi tu ya mzigo wake.

Nikamwita mwenzangu. Alichuchumaa, akatazama, akagusa uzi kwa ncha ya kidole.

"Labda upepo."

"Upepo gani?"

Akainua uso. Hata moshi wa kina mama wauza chai ulikuwa unapanda wima. "Labda udongo unajikaza tu," akasema. "Mara ya kwanza ni kawaida."

"Kwa hesabu yako ulitegemea kiende pembeni kiasi gani?"

"Sifuri."

Alisema neno hilo mara moja, halafu nikaona uso wake ukibadilika. Namba kuwa kubwa au ndogo ni jambo la kawaida katika kazi yetu. Lakini sifuri kamili haitokei kwenye chuma kilichochomelewa na binadamu, juu ya udongo wa mbuga. Sifuri hutokea pale tu mtu alipokataza kitu kitokee.

"Kompyuta yetu haikuweza kubeba kihenge kizima," akasema polepole. "Ilikuwa inaganda. Kwa kuwa pande zote nne zinafanana, nilichora robo. Robo moja yenye nguzo moja. Hizo nyingine za kwenye picha ni programu iliyozirudufu."

"Na kwenye mikato ya hiyo robo uliweka nini?"

Unapochora robo ya kitu, lazima uiambie kompyuta kwamba zile robo nyingine zipo na zinafanya vilevile. Unaweka masharti kwenye mkato: chuma cha hapa kisivuke kwenda ng'ambo. Kwa mkazo wa kawaida hakuna neno, unapata jibu sahihi kwa kazi ndogo, kila mhandisi hufanya hivyo. Lakini kihenge kinapotaka kulala upande mmoja, nguzo zote nne zinakwenda upande huo. Hakuna robo inayofanana na ya pili yake kama picha kwenye kioo. Yale masharti ya mkato yalikuwa yamekizuia kihenge kisilale. Alikuwa ameiuliza kompyuta kama nguzo zitajipinda, baada ya kuifunga isiweze kuonyesha njia moja ambayo zingejipinda kweli.

"Mungu wangu," akasema.

Tukaweka kompyuta mpakato juu ya boneti ya gari. Hatukuhitaji kuchora kihenge chote kwa uzuri wake. Nikamwambia achore nguzo nne kama mistari tu, juu pete ngumu, juu ya pete uzito mtupu. Mchoro kama wa mtoto. Halafu chini tukaziachia nguzo zizunguke kidogo badala ya kuzigandisha. Wakati yeye anachora, mimi nilifanya hesabu ya mkono nyuma ya bahasha. Nguzo inayoweza kuyumba, iliyogandishwa chini, hubeba mzigo fulani. Iachie mguu uzunguke, hubeba robo tu ya huo. Nilipofika mwisho wa hesabu sikutaka kuamini, nikarudia.

Kompyuta ikatoa jibu lake. Likalingana na langu, karibu kabisa. Kihenge kikijaa, nguzo zingekuwa zimefika kwenye mpaka wa kulala, na huenda zingeuvuka. Ile akiba ya mara sita haikuwepo.

Hajati alikuwa ameshasogea. Alisoma nyuso zetu kabla hatujasema. "Kuna nini?"

Mwenzangu ndiye aliyejibu. Nilidhani ataniachia mimi, maana mimi nilimjua Hajati tangu utotoni na ningelijua la kusema. Hakuniachia. "Hajati, kihenge kinalala upande. Nilichokokotoa mimi hakikutosha. Tusiongeze hata gunia moja, na inatakiwa yaliyomo tuyatoe."

"Kinalala? Mbona nakiona kimesimama?"

"Njoo uone jiwe, Hajati," nikamwambia, nikamshika mkono hadi kwenye alama ya chaki. Aliinama kwa shida, akatazama jiwe na alama yake. Nyuma yake wakulima walikuwa wameanza kunung'unika kwamba mashine imezimwa. Mmoja akapaza sauti akiuliza kama mahindi hayatakiwi tena, warudi nayo.

Akajinyoosha. "Huyu bwana," akasema akimtazama mwenzangu, "juzi aliniambia kinasogea kama karatasi."

"Ndiyo, Hajati."

"Na leo anasema kitalala."

"Ndiyo."

Nilingoja amfukuze. Mimi katika nafasi yake pengine ningemfukuza. Akawageukia wakulima akasema kwa sauti ya sokoni, "Jamani, leo tunapimia ghala la zamani! Hakuna anayerudi na mzigo wake. Na hapa chini asipite mtu, asipite mtoto, asipite hata kuku!" Kisha akatuambia kwa sauti ya chini, "Toeni. Mkimaliza mje mniambie mnafanyaje. Sasa hivi sitaki kusikia maneno."

Tulitoa mahindi yale taratibu, mlango ukifunguliwa kidogo ili yasishuke upande mmoja. Mwenzangu alisimama kwenye timazi muda wote, akiniita kila jiwe linapojongea kurudi. Kihenge kilipobaki kitupu, mawe yalikuwa yamerudi karibu na alama, si juu yake kabisa. Udongo ulikuwa umebakiza kumbukumbu yake.

Dawa yake haikuwa ngumu kuijua. Nguzo zinazotaka kuyumba unazifunga kwa vyuma vya mshazari, kutoka mguu wa huyu hadi bega la yule, upande hadi upande. Ugumu ulikuwa mahali pa kuvipitisha. Pande mbili za pembeni hazikuwa na shida. Lakini upande wa kuingilia lori na upande wa kutokea zilihitaji kubaki wazi, na pande hizo mbili zikibaki wazi kihenge kinabaki huru kulala kuelekea kulia au kushoto kwa lori. Lazima mmoja wa milango ile miwili uzibwe.

Tulijaribu kuukwepa ukweli huo. Mwenzangu alijaribu nguzo nene zaidi, pete ngumu zaidi, misingi mikubwa zaidi iliyofungwa pamoja chini ya ardhi. Safari hii alichora kihenge kizima kila mara, kwa vipande vikubwa vikubwa ili kompyuta isigande, na kila jibu alilinganisha na hesabu ya mkono kabla hajaniita. Kila njia ingemaanisha kubomoa. Mwishowe akafunga kompyuta.

"Nitakwenda mwenyewe kumwambia," akasema.

Nilikwenda naye hata hivyo. Hajati alitusikiliza akiwa amekaa kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, na wateja wakingoja. Mwenzangu alimweleza kwamba pande tatu zitafungwa na mmoja utabaki wazi. Lori litaingia kwa kurudi nyuma na kutokea kule kule lilikoingilia.

"Kile nilichowaambia sikitaki," akasema Hajati.

"Ndicho hicho."

"Hakuna kingine?"

"Kipo, lakini ni kubomoa na kuanza upya. Na kuna cha tatu, kukiacha kama kilivyo na kujaza nusu. Hicho mimi siwezi kukusainia."

Akanigeukia mimi. "Na wewe, mwanangu? Unasemaje?"

Nikamwambia ningefunga pande tatu. Tena nikamwambia kwamba hesabu mpya nimeifanya peke yangu, chumba kingine, bila kuona ya mwenzangu, na tumekutana kwenye jibu.

Akafikiri. "Madereva watanitukana," akasema. Kisha akampa mteja wa kwanza misumari yake, akaanza kumuulizia habari za mgonjwa wake, nasi tukajua mazungumzo yameisha na jibu tumepata.

Wiki zile mwenzangu alinyamaza sana. Niliogopa kwamba amevunjika moyo. Nilikuwa naona anafika ofisini mapema, anafungua kazi zetu za zamani moja moja: paa la ukumbi wa parokia, daraja la watembea kwa miguu, jukwaa la tangi la maji. Alikuwa anatafuta kama kuna robo au nusu nyingine aliyoichora akakata kitu muhimu. Hakupata. Siku moja nilimwambia aache, amejitesa vya kutosha.

"Sijitesi," akasema. "Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Ndiyo inayoniuma. Hakuna mstari niliokosea. Kama ningekosea kujumlisha ningejua la kurekebisha. Mimi niliuliza swali dogo kuliko kitu chenyewe, nikajibiwa vizuri."

Nikamchemshia chai.

Mafundi walifunga vyuma vya mshazari, na tukarudia kujaza. Upepo wa Ufipa ulikuwa umerudi, mkavu, unapeperusha makapi ya mahindi hadi barabarani. Tulizingira kila timazi kwa gunia ili jiwe lisiyumbishwe. Theluthi, tukasimama. Nusu, tukasimama. Kabla ya kila hatua mwenzangu alikuwa ameniandikia kwa chaki kwenye zege namba anayotegemea, na safari hii haikuwa sifuri, ilikuwa milimita chache kwa kila nguzo, tena zisizofanana. Mawe yalikwenda karibu na alikosema yataenda. Nguzo moja ilizidi kidogo, tukabishana juu yake, tukakubaliana ni kitako chake kuwa kwenye udongo laini zaidi, na tukaacha mzigo ukae siku kadhaa kabla ya kuongeza. Haikuendelea. Kihenge kikajazwa hadi juu.

Hajati alisoma dua fupi, akajipangusa uso kwa viganja. Lori la kwanza likaanza kurudi nyuma kuingia, dereva akichungulia dirishani na kulalamika kwa sauti, utingo akimwelekeza, "Njoo, njoo, njoo, kata kushoto!" Wakachukua muda. Mlango wa faneli ukafunguliwa, mahindi yakamiminika kwa ule mvumo wake kama mvua ya mawe juu ya bati, na vumbi jeupe likatufunika sote.

Mwenzangu hakutazama mahindi. Alikuwa amepiga magoti kwenye timazi ya nguzo ya nyuma. Nikamuuliza kama kuna tatizo. Akatikisa kichwa, akaniashiria nisogee nione jinsi jiwe linavyorudi polepole kadiri mzigo unavyopungua.

"Kaa kidogo," akaniambia. "Bado halijafika."

Nikachuchumaa karibu naye, tukangoja.